Simu imemfikia mkulima mdogo, lugha bado iko njiani

Kwa takriban miaka 20 sasa, wakulima wadogo wa Kenya wameahidiwa kwamba ukombozi wao umo kwenye simu ya mkononi. Ahadi hiyo haikutoka hewani. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilidhihirisha kuwa hata mtu asiye na akaunti ya benki, anayeishi mbali na barabara ya lami, anaweza kutuma na kupokea pesa kwa simu ya bei nafuu. Waliofuata wakajiuliza: ikiwa pesa zimewezekana, mbona isiwezekane kwa habari za mbegu, mvua na bei za sokoni?

Miradi ikaja kwa mfululizo. Mnamo 2009, bima ya Kilimo Salama ilianza kujaribiwa Laikipia. Mkulima aliponunua mbegu au mbolea aliongeza asilimia 5 ya bei, na kituo cha hali ya hewa kikionyesha kuwa mvua imekosekana, fidia ilimfikia kwa M-Pesa. Mnamo 2011 ikaja iCow, iliyobuniwa na Su Kahumbu, kuwakumbusha wafugaji kwa ujumbe mfupi siku za ng'ombe kushika joto na kuzaa. Safaricom ikaleta DigiFarm mwaka 2017. Nayo serikali, tangu 2022, imekuwa ikisajili wakulima na kuwatumia ujumbe wa simu unaowawezesha kununua mbolea ya ruzuku.

Katika makala haya sina nia ya kuhukumu mradi wowote kati ya hiyo. Swali langu ni la lugha. Ujumbe unapoingia kwenye simu ya mkulima, je, unaingia pia akilini mwake? Ninashikilia kwamba katika kilimo cha simu, lugha si karatasi ya kufungia bidhaa. Lugha ndiyo bidhaa yenyewe, kwa sababu anachopokea mkulima si mbolea wala dawa, bali ni maneno.

Kwamba habari ina faida, hilo halina ubishi. Mwanauchumi Robert Jensen alichapisha mnamo 2007 utafiti kuhusu wavuvi wa dagaa katika jimbo la Kerala, India, ambako simu za mkononi zilisambaa kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, mvuvi angeweza kufika ufuoni na kukuta soko limefurika, akamwaga samaki wake baharini huku soko la jirani likikosa. Baada ya simu, alipiga akiwa bado majini, akauliza bei, kisha akaamua pa kutia nanga. Faida ya wavuvi ilipanda kwa takriban asilimia 8, na bei kwa wanunuzi ikashuka kwa asilimia 4.

Mafanikio hayo ya Kerala hunukuliwa sana. Kisichonukuliwa ni kwamba wavuvi wale hawakuhitaji mfasiri. Walizungumza wenyewe, kwa lugha yao, na wanunuzi waliowajua, kuhusu samaki waliowaita kwa jina moja. Teknolojia iliongeza umbali wa sauti tu; mazungumzo yalikuwapo tayari.

Ushauri wa kilimo ni jambo tofauti. Hapa anayezungumza ni mtaalamu, mara nyingi anayefikiri kwa Kiingereza, na anayesikiliza ni mkulima asiyeweza kumwuliza swali. Mnamo 2019 Raissa Fabregas, Michael Kremer na Frank Schilbach walikusanya matokeo ya tafiti kadhaa za ushauri kwa njia ya simu, Afrika na India. Walipata kwamba mavuno yaliongezeka kwa takriban asilimia 4. Kwa kuwa ujumbe mfupi ni rahisi mno kutuma, ongezeko hilo si haba. Hata hivyo, ni dogo likilinganishwa na kelele za matangazo. Sidai kwamba lugha pekee ndiyo sababu. Mvua, bei na ukosefu wa mtaji vina nafasi yao. Ila lugha ndiyo sababu tunayoweza kuirekebisha kwa gharama ndogo zaidi, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Msomaji huenda akauliza: hivi kweli Kiswahili cha ujumbe mfupi kinaweza kumkosesha mtu mavuno? Wacha nitoe mfano. Mama mmoja jirani yetu katika Kaunti ya Trans Nzoia alinijia na simu yake msimu mmoja, ujumbe ukiwa umefunguliwa. Ulimtaka aweke "mavazi ya juu" mahindi yakifika magotini.

"Mwalimu," akaniuliza, "hawa watu wanataka nivalishe mahindi nguo?"

Tulicheka, lakini lilikuwa jambo la kusikitisha. Aliyeandika ujumbe alikuwa amechukua istilahi ya Kiingereza akaifasiri neno kwa neno, au alikuwa ameiachia mashine kazi hiyo. Alichokusudia ni mbolea ya nitrojeni, kwa mfano CAN, inayowekwa mahindi yakishaota na kushika kasi. Jirani yangu anaifahamu vizuri sana. Yeye huiita "mbolea ya pili." Tatizo halikuwa ujinga wa mkulima, tatizo lilikuwa ujinga wa ujumbe.

Na Kiswahili hakikuwa maskini wa istilahi hapo. Nchini Tanzania mbolea hiyo huitwa mbolea ya kukuzia, na ile ya kwanza huitwa mbolea ya kupandia. Tazama kazi inayofanywa na sarufi. Kutokana na kitenzi panda tunapata pandia. Kutokana na kua tunapata kuza, kisha kuzia. Kauli ya kutendea inabeba lengo la kitu: hii ni ya wakati wa kupanda, ile ni ya kufanya mmea ukue. Mkulima ambaye hajawahi kusikia istilahi hizo atazielewa siku ya kwanza, kwa kuwa zinajieleza. Kwa hivyo ujumbe ungeweza kusema hivi:

"Mahindi yakifika magotini, weka mbolea ya kukuzia (CAN): gunia 1 la kilo 50 kwa ekari. Subiri udongo uwe na unyevu, na usiiweke kwenye shina."

Maneno hayo, pamoja na nafasi zake, hayafiki herufi 160, ambazo ndizo kikomo cha ujumbe mfupi mmoja. Hoja kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa simu haina mashiko.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mnamo 2017, mahindi ya magharibi mwa Kenya yalivamiwa na mdudu mgeni kutoka mabara ya Amerika, ambaye alikuwa ameripotiwa Afrika Magharibi mwaka uliotangulia. Wataalamu humwita Spodoptera frugiperda. Vyombo vya habari vilimpa jina lililokuwapo tayari: viwavijeshi.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Afrika Mashariki ina viwavijeshi wake wa asili, Spodoptera exempta, wanaojulikana tangu zamani. Hao hutembea kwa maelfu, mchana kweupe, wakila nyasi na nafaka kama jeshi linalosonga mbele. Jina lao linawafaa. Yule mgeni hana tabia hiyo. Hujificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea, akila polepole na kuacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Ili kumwona, lazima mkulima aingie shambani asubuhi na mapema au jioni, afunue majani, atafute kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa kama mraba karibu na mkia.

Sasa mfikirie mkulima anayepokea ujumbe: "Jihadhari na viwavijeshi." Anasimama ukingoni mwa shamba, anatazama kama kuna jeshi linalovuka mpaka. Haoni kitu. Anarudi nyumbani akiwa na amani, ilhali adui yumo ndani ya kila mhindi wa tano. Dawa ikija kunyunyizwa baadaye, kiwavi ameshakomaa na kujikinga ndani kabisa, haguswi. Neno moja lisilo na kivumishi limegharimu msimu.

Tanzania walilitambua tatizo hilo na kutumia istilahi viwavijeshi vamizi. Kivumishi vamizi kinatoka kwenye kitenzi vamia, na kinampa mkulima ishara ya kwanza: huyu si yule unayemjua. Hata hivyo, istilahi peke yake haitoshi. Sharti ifuatwe na sentensi ya pili inayomwambia mahali pa kutazama. "Fungua majani ya katikati" ni maneno matatu na kiunganishi kimoja tu.

Zipo teknolojia zinazojaribu kuruka kikwazo cha majina. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa IITA, humwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo au mahindi na kuambiwa jani lina nini, hata pasipo intaneti. Imefunzwa kwa maelfu ya picha, na inaweza kuzungumza Kiswahili. Ni hatua kubwa. Lakini hata mashine ikishaona, lazima iseme, na ikisema lazima ichague neno. Tumerudi palepale.

Neno hilo litoke wapi? Kwa maoni yangu, litoke kwanza shambani. Nimewahi kusikia wakulima wa viazi wakisema mimea yao "imechomwa na baridi," wakati mtaalamu angesema ni ugonjwa wa ukungu. Ni rahisi kumdharau mkulima hapo. Lakini hebu tusikilize jina lenyewe. Ugonjwa huo hushamiri kukiwa na ubaridi na unyevu mwingi. Jina la mkulima limebeba uchunguzi sahihi wa wakati. Linachokosa ni chanzo. Madhara yake ni kwamba mtu anayeamini ni baridi haoni haja ya kunyunyiza dawa, maana nani anapulizia baridi dawa? Ujumbe mzuri ungeanzia kwenye jina lake na kumpeleka hatua moja mbele: "Kile unachokiita kuchomwa na baridi ni ukungu. Huenea haraka wakati wa baridi na mvua. Kagua majani kila siku." Hapo umemheshimu na umemfundisha.

Tugeukie vipimo. Wataalamu huandika kwa hekta. Mkulima wetu huhesabu kwa ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Pendekezo la kilo 125 za mbolea ya kupandia kwa hekta ni sawa na gunia moja la kilo 50 kwa ekari. Anayedhani hekta na ekari ni ndugu mapacha atanunua magunia mawili na nusu kwa ekari moja. Kwa bei ya ruzuku ya Sh2,500 kwa gunia, iliyotangazwa 2023, atakuwa ametumia Sh6,250 badala ya Sh2,500. Tofauti hiyo, Sh3,750, ni pesa za kulipa vibarua wa kupalilia. Watafiti wa taasisi ya ICRISAT, waliofanya kazi na wakulima wa maeneo makavu ya Afrika, walikuwa na hekima ya kutumia kifuniko cha chupa ya soda kama kipimo cha mbolea ya kila shimo. Kipimo hicho hakihitaji tafsiri.

Vivyo hivyo utabiri wa hewa. Vitabu vyetu vya Kiswahili hufunza kuwa mwaka una masika na vuli. Lakini Trans Nzoia, mvua ikianza mwezi wa tatu au wa nne, huendelea kwa vipindi hadi karibu mwezi wa kumi na moja, na msimu wa mahindi ni mmoja. Ujumbe unaozungumzia vuli humwacha mkulima wa huko akijiuliza ni yeye anayeambiwa au ni mtu wa Ukambani. Isitoshe, kumwambia mtu kwamba "mvua itakuwa juu ya wastani" si kumwambia siku ya kupanda. Yeye anataka kujua mambo matatu: itaanza lini, itakatika katikati au la, na itaisha lini. Lugha ya kila siku inayo maneno ya haya yote. Tuna manyunyu, rasharasha, mvua ya kupandia, kiangazi cha katikati. Tusimnyime.

Mpaka hapa nimezungumzia mavuno. Kuna jambo nyeti zaidi, nalo ni mikataba. Huduma nyingi za kilimo kwenye simu sasa zinaambatana na mikopo na bima, na mkulima huambiwa abonyeze 1 ili akubali masharti. Masharti gani? Chukua neno bima. Kwa mwananchi wa kawaida, bima ni fidia ya hasara iliyokupata wewe. Bima inayotegemea kituo cha hali ya hewa haifanyi hivyo: hulipa kulingana na mvua iliyopimwa kituoni, si iliyonyesha shambani kwako. Wingu likinyesha kituoni na kukuruka wewe, hulipwi. Bima hiyo haina ulaghai wowote, na imewasaidia wengi kwa kuwa huduma yake ni nafuu. Lakini asiyeelezwa tofauti hiyo kabla ya kulipa atadhani ameibiwa, na hatarudi tena.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu atoe idhini akiwa anaelewa anachoidhinisha. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 na Kifungu cha 35 cha Katiba vinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Kifungu cha 7 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukiviweka vifungu hivyo pamoja, kumwandikia mkulima masharti kwa lugha asiyoielewa si uzembe wa mhariri tu. Ni swali la haki.

Wapo watakaodai kwamba istilahi za Kiswahili ni ngumu, na kwamba mkulima amezoea Kiingereza chake cha sokoni. Dai hilo lina ukweli nusu. Tukimrushia tarakilishi, rununu na nywila katika sentensi moja, tutamfukuza. Lakini tazama M-Pesa. Menyu yake ya Kiswahili ilichagua maneno mepesi: tuma pesa, toa pesa, namba ya siri, wakala, salio. Neno salio, ambalo zamani lilikaa kwenye vitabu vya wahasibu, leo hulisikia hata kwa mchuuzi wa nyanya: "Ngoja niangalie salio." Tanzania nako, neno pembejeo lilizoeleka kwa kuandikwa kwenye vocha, kusomwa redioni na kutamkwa na maafisa ugani. Istilahi haienei kwa kukaa kamusini. Huenea kwa kushikwa mkononi.

Wengine watauliza: na lugha za mama je? Ni swali la haki. Kwa mzee anayezungumza Kipokot pekee, Kiswahili nacho ni kizuizi, na huduma za sauti kwa lugha za jamii zinastahili kuungwa mkono. Lakini katika maeneo kama Trans Nzoia, ambako Wabukusu, Wasabaot, Wakisii, Wakikuyu na Waturkana wanapakana mashamba, lugha wanayopeana ushauri wakikutana kwenye ua ni Kiswahili. Huko ndiko pa kuanzia.

Nini kifanyike, basi? Mosi, kila mradi wa kilimo cha simu uwe na mtaalamu wa Kiswahili tangu siku ya kupanga, sio siku ya mwisho ya kutafsiri. Vyuo vikuu vyetu vinafuzisha mahuluki ya wanaisimu kila mwaka, na wengi wao ni watoto wa wakulima. Pili, KALRO, kaunti na idara za Kiswahili zikusanye kwa pamoja majina ambayo wakulima huyaita magonjwa, wadudu, mbolea na misimu, eneo kwa eneo, kisha wakubaliane kuhusu istilahi moja kwa kila kitu bila kuyatupa yale ya mashinani. Hiyo ni kazi tosha kwa tasnifu kadhaa za uzamili, na itamfaa mtu zaidi ya mtahini.

Tatu, ujumbe ujaribiwe kabla ya kutumwa. Wasomewe wakulima kumi, wanawake kwa wanaume, kisha waulizwe swali moja: "Sasa wewe utafanya nini kesho asubuhi?" Majibu yakitofautiana, ujumbe urudi jikoni. Nne, sauti itumike kando ya maandishi, kwa sababu simu mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mume huku anayeshika jembe ni mke. Ujumbe unaosikika huweza kusikilizwa na wote wawili.

Kilimo kilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, na maafisa ugani ni wachache mno: afisa mmoja anaweza kuwa na wakulima zaidi ya 1,000 wa kuhudumia. Simu haitaziba pengo hilo kwa kuwa tu ina nguvu ya mtandao. Itaziba pengo hilo ikizungumza kama afisa mzuri wa zamani alivyozungumza: akiwa amesimama shambani, akigusa jani, akilitaja kwa jina ambalo mwenye shamba analijua.